Mstari Mmoja Kabla ya Kuvua Sare

Ripoti ya asubuhi katika wodi ya wazazi haina mahali pa jambo jema. Muuguzi wa zamu ya usiku anasimama na kitabu, anawakabidhi wa mchana: kitanda cha pili presha imepanda, kitanda cha tano alitokwa damu nyingi tukamwongezea maji, mtoto wa kitanda cha tisa hanyonyi vizuri, mtungi wa oksijeni unakaribia kuisha, taa ya leba imeungua. Mama aliyejifungua salama saa nane za usiku, akanyonyesha, akalala, anapata maneno mawili tu: "hana tatizo." Na ndivyo inavyotakiwa. Ukunga ni kazi ya kuiona kasoro kabla haijawa msiba. Mkunga anayeingia leba akatazama kwanza mambo yanayokwenda sawa, siku moja atampoteza mtu.

Nimefanya kazi hii mkoani Tanga sehemu kubwa ya maisha yangu, na jicho hilo la kutafuta kasoro ndilo nililofundishwa chuoni, ndilo ninalowafundisha vijana wanaokuja mafunzoni kwetu. Shida yake ni kwamba halivuliwi pamoja na sare. Linakufuata mpaka nyumbani. Unaingia mlangoni, watoto wamepika, wamefagia, wamekutengea maji ya kuoga, na kitu cha kwanza unachokiona ni sufuria lililoachwa limeloweka. Unalisema hilo sufuria. Mengine yote yanapita bila neno.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hali hii haituhusu wauguzi peke yetu. Mwaka 2001 Roy Baumeister na wenzake walichapisha mapitio marefu ya tafiti za saikolojia, wakaonyesha kuwa jambo baya huacha alama kubwa kuliko jema karibu kila mahali walipotazama: katika ndoa, katika kumbukumbu, katika namna tunavyowapima watu tunaokutana nao mara ya kwanza. Binadamu wote tuna mwelekeo huo. Kazi kama yetu inaunoa tu, kila siku, kwa miaka.

Aliyenionyesha njia ya kuupa mwelekeo huo mwenzake wa kuusawazisha alikuwa mkunga mtu mzima, wakati ule amebakiza muda mfupi kustaafu. Alikuwa na daftari dogo, la aina ile ya bei ndogo wanayonunuliwa watoto wa shule, amelikunja katikati ili liingie mfuko wa sare. Kila zamu ilipoisha alikaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, akaandika kidogo, akalirudisha. Sisi vijana tulidhani anaandika hesabu za kikoba.

Kisha ikaja siku tuliyofiwa na mzazi. Damu haikukata. Tulifanya yote yanayofanywa: oksitosini, kukanda mji wa mimba, maji mishipa miwili, tukamwita daktari, tukatafuta damu. Hakuvuka. Aliyewahi kuwa chumbani siku kama hiyo anajua ukimya unaofuata, na anajua pia namna kila mmoja anavyoirudia saa ile kichwani akitafuta dakika ambayo angeweza kuibadilisha. Nilipokwenda kubadili nguo nikamkuta dada yule mkunga kwenye benchi lake, anaandika. Nikamuuliza, kwa ukali nadhani, leo kuna nini cha kuandika. Hakunijibu. Alinipa daftari nisome. Mstari wa siku ile ulisema: "Mlinzi wa getini alitoa damu yake."

Ilikuwa kweli. Ndugu walikuwa mbali, na mlinzi aliposikia kundi la damu linalotafutwa ni lake, alimwachia mwenzake lango, akaja akalala kwenye kitanda cha maabara na kukunja mkono wa shati. Mimi nilimwona, nikampita mbio. Mzazi alifariki hata hivyo, lakini kitendo cha yule mlinzi hakikufutika kwa sababu ya matokeo. "Siku kama hii huandiki asante," dada aliniambia. "Unaandika nani alikuwepo."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nianze. Na mpaka leo naona ndani yake yumo mtu mzima anayeijua shukrani vizuri. Hakuniambia nishukuru kwa kifo. Hakuniambia kila jambo lina sababu, maneno ambayo watu huyasema msibani kwa nia njema na huwaumiza wafiwa. Alinitaka nisiwasahau waliokuwepo kwa sababu ya yule aliyeondoka, ili wote wapate haki yao.

Mtu atauliza: sisi watu wa huku tunahitaji daftari la shukrani kwa ajili gani, wakati tunashukuru kutwa? Kweli. Ukimsalimia mtu Tanga, habari ya nyumbani, habari ya watoto, habari ya kazi, kila jibu linakuja na "tunamshukuru Mungu," hata kama aliyejibu ametoka kuuguza. Mimi ni Mwislamu; tasbihi nimeishika tangu utotoni, na baada ya sala Alhamdulillahi naitamka mara 33. Mwenzangu mmoja Mkatoliki amenieleza tafakari ya jioni aliyoifundisha Mtakatifu Ignasi wa Loyola katika karne ya 16, ambayo hatua yake ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema yaliyopokelewa, kabla mtu hajaanza kuzihesabu dhambi zake. Dini zetu zilijua zamani kwamba jambo hili lapaswa kuwekewa saa yake, lisiachwe lisubiri mtu ajisikie.

Daftari haliji kushindana na hayo. Linayapa mwili. Alhamdulillahi ni pana, inafunika kila kitu, na upana huo ndio utukufu wake. Lakini moyo wa binadamu hushika vizuri zaidi kitu chenye sura. Ninapoisema baada ya kuandika kuhusu mlinzi na mkono wake wa shati, naisema nikiwa na mtu mbele ya macho.

Wiki za kwanza mistari yangu ilikuwa ya jumla: uzima, watoto, kazi, mvua. Kila jioni ileile. Nimeona karibu kila anayeanza hupita hapo, na wengi huishia hapo, kwa sababu orodha isiyobadilika haina cha kukuonyesha kesho. Uzima ni neema kubwa kuliko zote, lakini ukiuandika kila siku kwa neno hilohilo, hutauona tena. Uandike siku uliyopanda ngazi bila goti kuuma, na useme ngazi zipi.

Kuhusu kuifanya shukrani hii iwe mazoea, nilichokuta kinasaidia ni kuifunga kwenye jambo ambalo tayari linafanyika kila siku. Dada yule alikuwa ameifunga kwenye kuvua sare, nami nikaiiga hivyo hivyo: nanawa mikono, nakaa, naandika mstari mmoja, ndipo navua. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London (UCL) walitoa matokeo ya utafiti kuhusu watu waliokuwa wakijijengea mazoea madogo, kama kunywa maji au kutembea baada ya mlo. Kwa wastani iliwachukua siku 66 mpaka jambo lifanyike bila kujisukuma, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: kuanzia siku 18 hadi 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Nawaambia vijana namba hizo kwa sababu wengi wamesikia kwamba siku 21 zinatosha, zikipita na bado wanajisukuma wanaamini kwamba wao hawana nidhamu. Wanayo. Hawajafika tu.

Kitu kingine nilichokiongeza, ambacho dada hakuwa nacho, ni swali la "kwa nini." Nilikipata kwenye zoezi la Martin Seligman na wenzake, lililochapishwa mwaka 2005. Waliwataka watu waandike kila usiku kwa wiki moja mambo matatu yaliyokwenda vizuri, na kwa kila jambo waeleze lilitokeaje. Walioendelea wenyewe baada ya wiki hiyo kwisha ndio waliofaidika zaidi, na miezi sita baadaye bado walikuwa na nafuu ya moyo. Wengi husimulia zoezi hilo wakataja yale mambo matatu wakaacha maelezo. Kwa maoni yangu maelezo ndiyo kazi yenyewe. Usiku mmoja wa masika ndio ulionithibitishia.

Umeme ulikatika tukiwa na watoto njiti watatu. Jenereta halikuwaka; halikuwa na dizeli. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hana mafuta ya kutosha mwilini ya kumtia joto, na akipoa, sukari inashuka, anachoka hata kupumua. Dawa ya hali hiyo iko kifuani kwa mama: unamvua mtoto, unamwachia nepi na kofia, unamlaza wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, unawafunga wote wawili kwa kanga. Akina mama wawili tuliwafunga watoto wao haraka. Wa tatu alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji siku ileile, hajaweza hata kugeuka, na mtoto wake mikono ilikuwa imeanza kupoa. Mhudumu wa usafi alikuwa akinimulikia kwa tochi ya simu. Kabla sijasema neno aliniwekea simu juu ya kabati, akatoka. Alirudi ameongozana na bibi wa mtoto, ambaye alikuwa amelala barazani na ndugu wengine wa wagonjwa. Bibi alivua blauzi, akakaa kitini, tukamfungia mjukuu wake kifuani. Alikaa naye hivyo hadi kunakucha, hakutaka kupokewa hata aende msalani. Kulipopambazuka vidole vya yule mtoto vilikuwa vya moto.

Asubuhi niliandika: "Mhudumu alimleta bibi." Kisha nikajiuliza kwa nini. Aliwezaje kumpata, gizani, kati ya watu wote waliolala pale wamejifunika gubigubi? Nilipomfuata kumuuliza, alinijibu kama mtu anayeeleza jambo la kawaida: jioni akipiga deki baraza huwasalimia wote, huwauliza wamekuja kumwona nani, na huwaonyesha pa kuchota maji. Kwa hiyo anamjua kila mtu na kitanda anachokihangaikia. Sisi wauguzi tuna mafaili ya wagonjwa. Yeye ana ramani ya familia zao, na hakuna aliyemwagiza aichore.

Nikamshukuru, kwa maneno marefu kuliko kawaida yangu, nikamtajia kila alichokifanya usiku ule kimoja kimoja. Alinyamaza, halafu akasema, "Sista, mimi tangu nianze kazi hapa huwa naambiwa pale palipobaki pachafu."

Kuanzia hapo sikuacha mstari ufie daftarini. Mtu ninayemwandika, kama naweza kumfikia, nitamwambia. Naye asikie kitendo chenyewe, maana "asante kwa kazi nzuri" haimwambii mtu alifanya nini. Kuna wakati simfikii. Ile njia ya kumfunga mtoto kifuani ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria, katika hospitali ambayo watoto walikuwa wengi na mashine za joto chache. Uhaba wa kwao umetuachia sisi kitu kinachofanya kazi bila umeme. Jina lake nalo limo daftarini, tarehe ileile na ya mhudumu wa usafi na ya bibi, na sioni kwamba nafasi zao zinatofautiana.

Wapo wanaoiona shukrani ya aina hii kama dawa laini isiyotibu kitu. Utafiti unaotajwa sana katika jambo hili, wa Robert Emmons na Michael McCullough, ulitoka mwaka 2003. Katika sehemu yake moja walishirikisha watu wenye maradhi ya neva na misuli, baadhi yao wakawa wanaandika mambo ya kushukuru kila siku kwa siku 21. Maradhi hayakuondoka. Lakini walioandika walilala saa nyingi zaidi kuliko wenzao na waliamka wamepumzika vizuri zaidi. Hong Kong, mwaka 2015, watafiti walichapisha matokeo kuhusu wafanyakazi wa afya walioandika shukrani za kazini mara mbili kwa wiki kwa wiki nne. Msongo wao ulipungua, na dalili za sonona pia. Hayo ni manufaa ya kiasi, na mimi nayapokea kwa kiasi chake. Mtu mwenye sonona anahitaji matibabu, asipewe daftari akaambiwa ajitahidi. Ila mkeshaji anayepata usingizi wa saa moja zaidi anajua thamani ya saa hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo linanichoma. Katika kikao kimoja cha watumishi tuliuliza habari ya posho za zamu za usiku ambazo hazikuwa zimelipwa kwa muda mrefu. Kiongozi aliyekuwa mbele yetu akatujibu kwamba tushukuru hata hiyo ajira, maana wangapi wako mitaani na vyeti vyao. Kikao kikanyamaza. Ndivyo neno tukufu linavyogeuzwa kuwa kitambaa cha kufungia mdomo. Anayekudai shukrani ili usidai haki yako hakutakii moyo mtulivu; anajitafutia kikao kifupi. Nimeiona kauli hiyo ikitumiwa kwa wahudumu wa usafi, kwa wasichana wa kazi majumbani, kwa wake wanaopigwa ambao huambiwa washukuru kwamba angalau wanalishwa. Naikataa kila ninapoisikia, na nawaomba wanaofundisha shukrani makanisani, misikitini na kwenye semina waikatae kwa sauti.

Kwa sababu shukrani ya kweli inakufungua macho kuelekea upande wa pili kabisa. Baada ya kikao kile nililifungua daftari langu nikalisoma nyuma kwa miezi, nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Karibu kila mstari ulikuwa unasimulia mtu aliyeziba pengo: mlinzi aliyetoa damu kwa sababu benki ya damu haikuwa na kundi lile, bibi aliyekuwa mashine ya joto kwa sababu dizeli haikununuliwa, dereva aliyelipia mafuta ya gari la wagonjwa kwa fedha yake akamfikisha mzazi hospitali ya mkoa. Kadiri nilivyowashukuru watu hawa kwa jina na kitendo, ndivyo nilivyozidi kuona deni tulilokuwa nalo kwao. Nikakaa na wenzangu wawili tukaandika barua. Hatukulalamika kwa jumla. Tulieleza tukio moja moja, tarehe yake, nani aliziba na kwa gharama ya nani. Barua ile ilisomwa kikao kilichofuata. Masika iliyofuata jenereta lilikuwa na dizeli. Posho zilikuja kwa mafungu, nyingine bado tunazidai, na barua ya pili imeshaandikwa.

Vijana wa wodini wamelichukua jambo hili kila mmoja kwa namna yake, na sikuwazuia. Binti mmoja hapendi kuandika. Akifika kwenye daladala anamrekodia mama yake ujumbe wa sauti wa WhatsApp, anamsimulia mtu mmoja wa siku ile, na mama yake huko Lushoto ameanza kuwajua watu wetu kwa majina. Mwingine, kaka wa zamu ya usiku, alijaribu kila siku akaona inakuwa kama kusaini mahudhurio. Amehamia mara moja kwa wiki, na huenda kwake yeye ndiyo sahihi: Sonja Lyubomirsky na wenzake walipowalinganisha watu waliohesabu neema zao mara moja kwa wiki na waliohesabu mara tatu, walioona faida ni wale wa mara moja. Mimi naendelea na kila siku kwa sababu kumbukumbu yangu ya usiku wa wiki iliyopita si ya kuaminika. Yeye amechagua Ijumaa, na hachukui kalamu kabisa, anakwenda kwa miguu. Ijumaa iliyopita alishuka hadi maabara kumshukuru mtaalamu aliyempimia sampuli saa kumi za alfajiri, akarudi na majina ya watu wawili wengine wanaokesha mle ndani, ambao hakuna yeyote wodini kwetu aliyekuwa anajua kwamba wapo.